Rangi ya minyororo na matairi ya vinili laini: ipi inashika bila kunata wala kupasuka?

mkasi_na_msasa

Habari wakuu. Naomba msaada kuhusu sehemu laini za modeli. Mwili wa plastiki ngumu hausumbui, ila hizi laini zinakataa rangi.

Mezani kuna kazi mbili, zote za kipimo cha 1/35. Moja ni kifaru chenye minyororo ya vinili, mkanda mmoja kila upande. Nyingine ni lori lenye matairi laini, vizuia tope vya nyuma, na mipira ya breki inayotoka kwenye kichwa kwenda kwenye trela. Brashi ya hewa na kompresa vipo. Rangi nilizonazo ni enameli za kawaida, akriliki za Tamiya (XF) na Vallejo Model Color.

Kipande cha majaribio nilichopaka enameli kinanata hadi leo, na kinapokunjwa rangi inabanduka kama magamba. Kwa hiyo nauliza:

1. Nitumie rangi ya aina gani, na praima (rangi ya msingi inayowekwa kwanza ili rangi ya juu ishike) inahitajika au la?
2. Mnyororo unapakwa kabla ya kufungwa kwenye magurudumu au baada?
3. Matairi yana haja ya kupakwa kweli?

---

kobe_wa_chuma

Hiyo enameli usiisubiri mkuu, haitakauka. Vinili laini ni PVC, na PVC yenyewe kwa asili ni ngumu, ndiyo hiyohiyo ya mabomba ya maji. Inalainishwa kwa kimiminika chenye asili ya mafuta, tukiite kilainishi, ambacho kinaweza kufika theluthi moja ya uzito wa kipande au zaidi. Kilainishi hakijafungamana na plastiki. Kinatembea polepole kutoka ndani kuja juu, na enameli inakinyonya. Ndiyo maana rangi inabaki laini na kunata hata ukiiweka kabatini mwaka mzima. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti ya madini kidogo, haraka, kisha osha kwa sabuni. Usiloweke. Spiriti itafyonza kilainishi na mnyororo utabaki mgumu na mfupi kuliko ulivyokuwa.

Kabla ya kuchagua rangi, jua kwanza umeshika plastiki gani, kwa sababu "vinili" kwenye boksi la modeli ni jina la jumla tu. Zipo tatu utakazokutana nazo mara nyingi:

PVC laini. Ni nzito, inanyumbulika, na ikikaa muda mrefu kwenye boksi inakuwa na utelezi wa mafuta juu. Ndiyo ya seti nyingi za zamani.

Plastiki laini jamii ya polistirini (ile plastiki ngumu ya mwili wa modeli), inayogandishika kwa gundi ya kawaida ya modeli. Dragon wanaiita DS, na Tamiya nao wana seti zenye minyororo inayogandishika hivyo. Soma karatasi ya maelekezo, huwa wanasema.

Polithini au polipropilini. Ni nyepesi, ukiigusa inateleza kama mshumaa, na ukiikwaruza kwa kucha inaacha alama nyeupe. Hii ndiyo kichwa ngumu kuliko zote.

Vipimo ni viwili. Kata kipande kutoka kwenye mabaki ya fremu (vijiti vinavyoshikilia vipande ndani ya boksi), kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo (bila sabuni, kipande kidogo kinaweza kuelea kwa sababu ya ngozi ya maji tu). Kikizama, siyo polithini. Kisha bandika vipande viwili kwa gundi nyepesi ya plastiki, mfano Tamiya Extra Thin, uviache hadi kesho yake, halafu vuta. Vikiwa vimeungana kweli, una ile jamii ya DS. Vikiachana, na sehemu yenye gundi ikawa imenata kidogo tu au haikuguswa kabisa, una PVC.

Kwa PVC, mpangilio unaofanya kazi ni huu:

Osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Ingiza nywele za mswaki hadi kwenye viungo vya mnyororo, maana mafuta ya kutolea kipande kwenye kalibu hujificha humo. Suuza, kausha, kisha futa kwa isopropili. Asetoni weka mbali kabisa. Baada ya hapo shika kwa glavu au koleo, kwa sababu alama ya kidole itaonekana kama duara rangi itakapoanza kubanduka.

Pale panapofikika, pitisha msasa namba 1000 ndani ya maji, kidogo tu, uondoe mng'ao.

Halafu praima ya akriliki yenye poliyurethani. Vallejo Surface Primer ni ya aina hiyo, na ikikauka inanyumbulika. Haihitaji kuongezwa maji. Sindano ya 0.4 ndiyo rahisi, shinikizo la psi 15 hadi 20, tabaka mbili au tatu nyembamba. Tabaka la kwanza libaki kama vumbi la rangi, usitafute kufunika. Ikianza kukauka kwenye ncha ya sindano, ongeza matone mawili ya kirahisisha mtiririko. Iache angalau saa 24 kabla ya rangi ya juu, na usiipige msasa, maana hainyooki kuwa unga kama praima za laka, inavutika na kung'oka kama ngozi.

Rangi ya juu: Model Color au Panzer Aces, zote za Vallejo. Namba 304 Track Primer ni msingi mzuri wa mnyororo wa chuma. XF-84 Dark Iron ya Tamiya nayo ni nzuri, ila soma ninachosema hapa chini kuhusu XF.

Rangi za matt zina unga mwingi na gundi kidogo ndani yake, ndiyo maana hazing'ai, na ndiyo maana zinapasuka zikikunjwa. XF zote ziko hivyo. Ukitaka kuzitumia kwenye kitu kinachonyumbulika, changanya na X-22 (vanishi ya kung'aa ya Tamiya) kiasi cha sehemu moja kwa tano za rangi, ondoa mng'ao mwishoni kwa vanishi ya matt nyembamba. Na usichanganye Vallejo na X-20A (kipunguzi cha akriliki za Tamiya) kwenye kikombe kimoja. Itaganda kama maziwa yaliyokatika na utatumia jioni nzima kusafisha sindano.

---

rangi_ya_pili

Nakubaliana na mengi ila kwenye praima naona kobe amerahisisha. Praima ya poliyurethani inashika kwa kukumbatia kipande. Inazunguka umbo lote na kujibana yenyewe, lakini haing'ati plastiki. Kwenye mnyororo wenye meno na mashimo hiyo inatosha. Kwenye kitu bapa na chembamba kama kizuia tope, ukianza kubandua kona moja inatoka karatasi nzima.

Kwa PVC kuna rangi za vinili hasa, zile za kopo la kupuliza zinazotumika kwenye viti na dashibodi za magari. Kiyeyusho chake kinalainisha uso wa PVC, rangi inaingia, kiyeyusho kinapotoka rangi na plastiki vimeshakuwa kitu kimoja. Unakunja utakavyo. Praima haitakiwi, na ukiweka praima umeharibu maana yote. Osha, futa, puliza kutoka sentimita 25 hivi, tabaka jepesi, subiri dakika 10, tabaka la pili, basi. Ukimwaga tabaka nzito, maandishi na michoro midogo itazibwa na kipande kinaweza kujikunja.

Rangi za PS za Tamiya, zinazotengenezwa kwa bodi za polikaboneti za magari ya rimoti, nazo zinanyumbulika vizuri, kwa kuwa bodi zile zinagongwa kila siku. Wengine wanazipenda kwa minyororo. Angalizo tu: kiyeyusho chake ni kikali, na Tamiya wenyewe wanaonya zisipulizwe kwenye polistirini. Kwa hiyo kipande kipakwe kikiwa kimetolewa, siyo kikiwa kwenye modeli.

Kama unabaki na XF kwa sababu ndizo ulizonazo, zipunguze kwa Mr. Color Leveling Thinner (kipunguzi cha rangi za laka) badala ya X-20A, nusu kwa nusu. Zinang'ata zaidi. Hapo unaweza kuruka praima kwenye mnyororo ambao hautakunjwa tena.

---

kobe_wa_chuma

Hoja ya kizuia tope naikubali, pale rangi ya vinili inashinda. Kwenye mnyororo bado nasimama na poliyurethani, kwa sababu moja: anaweza kukosea na kuosha. Rangi ya vinili ikishaingia haitoki.

Leveling Thinner kwenye XF, sawa, ila pulizia kavu. Ikilowana, kiyeyusho kinabaki ndani ya PVC, na rangi inayoonekana imekauka saa moja baadaye itachukua alama ya kidole kesho.

---

tairi_la_akiba

Mimi nijibu la matairi. Kwa kawaida usiyapake. Kipande tayari ni cheusi na ni laini. Kinachokosekana ni kuondoa mng'ao na ule mstari wa kalibu unaozunguka katikati ya kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga ardhi).

Vaa tairi kwenye kitu cha mviringo kinachokaza (kipini cha brashi nene, au ncha ya drili ya mkono), zungusha polepole huku umeshika msasa namba 320 kwenye kashata, kisha 600 ubavuni. Mstari wa kalibu unaondoka na kashata inapata rangi ya kijivu ya tairi lililotembea. Fanya kazi ikiwa na maji, usipate joto, maana vinili ikipashwa na msuguano inatoa nyuzinyuzi zinazobaki zimening'inia. Zikitokea, weka tairi kwenye friji ya kugandisha kwa saa moja, toa, piga msasa haraka kabla ubaridi haujaisha.

Ubavuni ukitaka rangi, Panzer Aces 306 Dark Rubber au XF-85 Rubber Black, kwa tabaka jembamba kiasi kwamba weusi wa plastiki bado unaonekana chini. Tairi halisi siyo jeusi tii. Nyeusi tupu kwenye 1/35 inaonekana kama kichezeo. Maandishi ya ubavuni yaguse kwa brashi iliyokauka yenye kijivu, basi.

Sasa jambo ambalo hukuuliza na ni kubwa kuliko rangi. Kilainishi kile alichoeleza kobe kinakula polistirini. Tairi la PVC likikaa juu ya rimu ya plastiki ngumu miaka kadhaa, rimu inalainika na kuyeyuka pale linapogusa. Mnyororo unafanya hivyohivyo kwa magurudumu ya kifaru. Ukiona modeli ya zamani ina magurudumu yaliyoliwa kama yamemwagiwa asidi, sababu ni hiyo. Rangi inachelewesha, haizuii, na enameli ndiyo ya kwanza kulainika. Kinachozuia ni chuma. Kata utepe mwembamba wa tepu ya alumini, uzungushe kwenye rimu mahali tairi litakapokaa, bonyeza kwa kijiti cha meno hadi ulale, ndipo uvalishe tairi. Haionekani kabisa. Kwenye magurudumu ya kifaru weka pale tu mnyororo unapogusa, kisha paka juu yake. Usisahau gurudumu la meno la kuendeshea: kati ya jino na jino hapafungiki tepu, weka tabaka mbili za vanishi ya akriliki ya kung'aa, ndiyo heri iliyopo.

Na tairi lisilopakwa usiliache limelala juu ya rafu iliyopakwa rangi. Litaacha duara.

---

mkasi_na_msasa

Asanteni sana wakuu, hii ya tepu ya alumini sikuwahi kuisikia popote. Nimefanya vipimo: mnyororo umezama na gundi haikuunganisha, kwa hiyo ni PVC. Kizuia tope vilevile. Ila mipira ya breki ya lori inaelea. Hapo inakuwaje? Na lile swali la kupaka kabla au baada halijajibiwa.

---

rangi_ya_pili

Inaelea, basi ni polithini au ndugu yake. Sahau rangi ya vinili kwa hiyo, haina cha kulainisha. Kiyeyusho kinapita juu na kuondoka.

Njia ya uhakika ni dawa ya kushikisha rangi inayotumika kwenye bampa za plastiki za magari, Bulldog ni mojawapo. Unapuliza tabaka moja jembamba la kuonekana limelowa kidogo, na rangi inafuata kabla dawa haijakauka kabisa. Kopo litakuambia ni dakika ngapi, fuata lake. Ukichelewa hadi kesho umepoteza kazi. Puliza nje au penye upepo, ukiwa na barakoa ya kaboni. Ile ya kitambaa haizuii mvuke.

Lakini kwa mipira ya breki ningeuliza swali lingine: kwa nini uipake? Ni vipande viwili vyembamba. Tupa, weka waya wa risasi au wa shaba laini wa milimita 0.5, uupinde umbo unalotaka, upake kama chuma. Ukihitaji trela itoke na kurudi, tumia uzi wa elastiki mweusi, ule wa kutengenezea nyaya za antena, usioguswa na rangi hata kidogo. Kupaka polithini ni kazi ya mtu asiye na njia nyingine.

---

kobe_wa_chuma

Kabla au baada: kwenye mnyororo wa mkanda mmoja, paka kabla, ila ukiwa katika umbo utakalokaa nalo. Ndilo kosa lililo nyuma ya nyufa nyingi. Mnyororo unapakwa ukiwa umenyooshwa juu ya kadibodi, kisha unazungushwa kwenye gurudumu dogo la mbele. Upande wa nje unalazimika kurefuka na rangi haina pa kwenda.

Fanya hivi. Jaribu mnyororo kwenye kifaru bila rangi, hakikisha urefu. Toa. Uvalishe kwenye kitu chenye mzingo unaokaribia wa gurudumu la kuendeshea, mfano kipande cha bomba, meno yakiwa ndani. Funga ncha kwa uzi bila kuvuta. Puliza praima na rangi ukiwa hapo. Sehemu ya mzunguko mkali tayari iko katika mvutano wake wakati rangi inakauka, na zile zilizonyooka zitajibana kidogo tu zikirudishwa, na kujibana hakupasui kama kuvutika.

Mahali pa kuungana acha viungo vitatu vitatu kila upande bila rangi. Hapo utagusa kwa chuma au gundi. Njia ya kuyeyusha vijinundu (vile vya ncha moja vinavyoingia kwenye matundu ya ncha nyingine) kwa bisibisi ya moto ndiyo ya kudumu kwenye PVC: ncha ipate joto la kulainisha, isiwe nyekundu, bonyeza kijinundu kikiwa kimepita kwenye tundu, hesabu hadi tatu, inua. Moshi ukitoka umezidisha, na moshi wa PVC usiuvute. Supaglu inashika lakini inakauka ngumu, mnyororo ukivutwa inakatika mstari ulionyooka. Kama unaitumia, shona kwanza kwa uzi mwembamba upande wa ndani, gundi iwe ya kulinda uzi. Weka kiungo hicho chini ya kifenda au chini kabisa, pale mnyororo unapogusa ardhi.

Ukishafunga, gusa viungo vile vilivyobaki kwa brashi, rangi ileile.

Uchafuzi wa mwisho fanya mnyororo ukiwa mahali pake. Rangi ya kutiririsha (ile nyepesi sana inayoingia kwenye mashimo na mitaro) iwe ya maji. Ile ya enameli inaweza kuleta shida mbili kwa mpigo, kunata kwenye PVC, na spiriti kuingia kwenye ekseli zilizo chini ya mvutano na kuzivunja. Mnyororo mfupi unavuta ekseli za mwisho kwa nguvu kuliko unavyodhani. Ukiona zinapinda, mwaga maji ya moto (yasiyochemka) juu ya mnyororo kabla ya kupaka, uuvute taratibu, uuache upoe ukiwa umevutwa.

---

tairi_la_akiba

Naongezea rangi ya kumalizia mnyororo. Angalia kwanza kifaru chako kina nini. T-34 mnyororo ni chuma kitupu, lakini Leopard 2 ina vibao vya mpira, na Sherman ina minyororo ya aina zote mbili kutegemea toleo. Vibao vya mpira paka kwa kijivu cheusi cha tairi, chuma kilichobaki kiwe kahawia iliyokolea. Fedha inayong'aa ikae pale tu chuma kinaposuguana: kingo za nje zinazogusa ardhi na njia ya ndani inayopitiwa na magurudumu. Penseli laini ya 4B au 6B inafanya hilo vizuri kuliko rangi ya fedha. Haiongezi unene, haipasuki, na ukikosea unafuta kwa kidole.

Unga wa tope uushikishe kwa maji yenye tone la vanishi ya matt. Isopropili itafungua rangi za XF chini yake.

---

mkasi_na_msasa

Nimeelewa. Kizuia tope kitapata rangi ya vinili, mnyororo poliyurethani ukiwa umezungushwa kwenye bomba, matairi msasa tu, mipira ya breki itakuwa waya. Swali dogo la mwisho: nitajuaje praima imeshika kabla sijaendelea na rangi ya juu?

---

kobe_wa_chuma

Pamoja na mnyororo, paka kipande cha mabaki ya fremu yake kwa praima ileile siku ileile. Baada ya saa 48 bandika tepu ya kuzibia rangi, sugua kwa ukucha, ibandue kwa mkupuo mmoja ukiwa umeikunja kurudi nyuma. Kisha kunja kipande kuzunguka penseli mara kumi, uangalie upande wa nje kwa kioo cha kukuzia. Rangi ikitoka na tepu, usafi haukutosha, rudi kwenye sabuni. Ikishika kwenye tepu lakini ikapasuka kwenye penseli, tabaka ni nene, punguza. Mabaki ya seti nyingine usiyatumie kwa jaribio hili, maana kiasi cha kilainishi hakilingani.